Gauni halitozwi, kitambaa kinatozwa: niliyojifunza kwenye kodi ya mauzo Minnesota

Aliyekulia kwenye biashara ya Tanzania au Kenya anafika Marekani na hesabu moja kichwani: VAT ni ya wakubwa. Tangu Julai 2023 mfanyabiashara wa Tanzania Bara halazimiki kujisajili VAT mpaka mauzo yake ya mwaka yafike shilingi milioni 200, na Kenya kiwango ni milioni 5 za kwao. Chini ya hapo unakadiriwa, unalipa, unaendelea na shughuli zako. Mimi nauza vitenge, magauni, hereni za shanga, makubadhi na vikapu hapa Minnesota, na ndugu yeyote akinipigia simu kuniambia anataka kuanza, jambo la kwanza ninalomwomba ni aisahau hesabu hiyo. Kwa mtu anayefanya biashara akiwa ndani ya jimbo hili hakuna kiwango cha kuanzia. Ukiuza kitu kinachotozwa kodi, hata kama ni dola ya kwanza, kodi yake ilitakiwa ikusanywe, na anayetakiwa kuikusanya ni wewe.

Jambo la pili ni IRS, idara ya kodi ya serikali kuu ya Marekani. Wengi wetu tukishafaili taksi mwezi wa nne tunaona tumemalizana na serikali. Ile ni kodi ya mapato, na inakwenda serikali kuu. Kodi ya mauzo serikali kuu haina kabisa. Ni mali ya majimbo: majimbo 45 yanatoza, na jiji la Washington DC pia. Matano hayatozi katika ngazi ya jimbo, nayo ni Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska, ingawa Alaska miji yenyewe inaruhusiwa kutoza na mingine inatoza. Kila jimbo lina sheria yake, idara yake na fomu zake. Ukiwa na namba ya IRS ya biashara bado hujawa na namba ya kodi ya mauzo. Hiyo unaiomba Idara ya Mapato ya Minnesota, unaipata bila kulipa chochote, na unaiomba kabla hujauza.

Haya nilifundishwa na mama mmoja Mkenya wa Brooklyn Park, mji ulio karibu na Minneapolis, ambaye alikuwa ameuza nguo kwa muda mrefu kuliko mimi. Nilikwenda kwake nikiwa nimepokea mzigo wangu kutoka Dar, nikitaka anisaidie kupanga bei. Bei hakuigusa. Alimwaga begi zima juu ya zulia, akaniambia tuanze kutenganisha.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Kitenge, mama."

"Kitenge kilichoshonwa ama hakijashonwa?"

"Pisi tu, mama. Bado hakijashonwa."

"Basi weka huku. Hii unalipisha. Kile kimeshonwa ni nguo, na nguo hapa hailipishwi. Kwanza ujue kitu chako ni nini, bei tutaongea baadaye, dada yangu."

Tukaendelea hivyo mpaka begi likaisha. Magauni, mashati na sketi upande mmoja. Makubadhi upande huohuo, maana viatu na ndala ni mavazi. Skafu pia. Upande wa pili zikaenda pisi za vitenge, hereni, mikufu na vikapu vya kubebea mkononi. Sheria ya Minnesota inahesabu mavazi ya kawaida ya mwanadamu kuwa hayatozwi, lakini imevitaja kwa majina vitu ambavyo si mavazi: kitambaa, uzi, vifungo, zipu, lesi. Vito na mikoba viko kwenye kundi la mapambo, nayo yanatozwa. Mkanda hautozwi, ila chuma cha kufungia mkanda kikiuzwa peke yake kinatozwa. Mtu anaweza kuona ni mambo madogo mno. Kwa mwenye duka la vitenge, mstari huo unapita katikati ya mzigo wake.

Nimeipenda sheria hii tangu nilipoielewa, na nitasema kwa nini. Minnesota ilianza kutoza kodi ya mauzo Agosti 1967, kwa asilimia 3, baada ya bunge la jimbo kuipitisha sheria hiyo juu ya veto ya gavana Harold LeVander. Kodi ya namna hii humwelemea maskini kuliko tajiri, maana maskini anatumia karibu kipato chake chote kununua mahitaji. Kuacha chakula cha nyumbani na nguo nje ya kodi kunampunguzia mzigo huo. Mama mwenye watoto wanne anayewanunulia sare za shule na makoti ya baridi, na baridi ya hapa mnaisikia tu, halipi hata senti ya kodi juu ya nguo hizo. Jirani zetu Wisconsin na Iowa nguo zinatozwa. Texas zinatozwa. Ohio zinatozwa. Gauni lilelile nililouza St. Paul bila kodi, ningelipanga mezani Hudson, ng'ambo tu ya mto, ningetakiwa kukusanya asilimia 5 ya jimbo la Wisconsin na ya kaunti juu yake.

Ukishajua kitu ni nini, swali linalofuata ni kinapokelewa wapi. Kiwango cha jimbo ni asilimia 6.875. Ile 0.375 iliyoning'inia mwishoni ina historia yake: mwaka 2008 wapigakura wa Minnesota walikubali kubadili katiba ya jimbo ili kodi iongezwe kidogo kwa miaka 25, kwa ajili ya maji safi, makazi ya wanyamapori, mbuga na sanaa, ikaanza kukusanywa Julai 2009. Juu ya kiwango cha jimbo zinakuja kodi za kaunti na za miji. Oktoba 2023 kaunti saba zinazozunguka Minneapolis na St. Paul ziliongezewa asilimia moja nzima, robo tatu ya usafiri na robo ya nyumba. Kwa hiyo mimi nikiuza pisi ya kitenge Brooklyn Park nakusanya asilimia 8.525. Nikiiuza Minneapolis ni 9.025. Nikivuka kwenda St. Paul, ambako jiji liliongeza kodi yake Aprili 2024, ni 9.875. Duka ni langu lilelile, kitenge ni kilekile. Kinachotazamwa ni mahali mnunuzi anapokipokea: akija dukani ni pale dukani, akinunua kwenye tamasha ni pale tamasha lilipo, nikimpostia ni nyumbani kwake.

Viwango hivi hubadilika, mara nyingi mwanzoni mwa robo ya mwaka, na idara ina kikokotoo kwenye tovuti yake ambamo unaingiza anwani au namba ya posta (zip code). Mimi nakiangalia kabla ya kila tamasha na kuandika kiwango kwenye kikaratasi ninachokibandika nyuma ya mashine ya kadi. Programu ya mashine inaweza kukokotoa yenyewe, lakini inakokotoa kwa anwani uliyoipa. Ukiwa umesajili anwani ya nyumbani Brooklyn Park na leo umepanga meza St. Paul, itaendelea kutoza 8.525 bila kukwambia kitu. Na haijui kwamba gauni halitozwi mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye orodha ya bidhaa uzime kodi kwenye gauni.

Naomba nikae kidogo kwenye risiti, maana hapo ndipo hela za watu zinapopotelea. Watu wetu wanapenda zawadi za kufungasha: gauni, mkufu na kikapu ndani ya mfuko mmoja wenye utepe, bei moja, dola 85. Ni biashara nzuri, hasa Desemba na siku ya akina mama. Lakini ukiuza kinachotozwa na kisichotozwa kwa bei moja isiyotenganishwa, kifurushi chote kinatozwa. St. Paul, dola 85 kwa asilimia 9.875 ni dola 8.39. Andika vitu vilevile kimoja kimoja kwenye risiti, gauni 60, mkufu 15, kikapu 10, na kinachotozwa ni dola 25 peke yake, kodi inakuwa 2.47. Tofauti ni karibu dola 6 kwa mteja mmoja, kwa sababu tu ya mistari mitatu kwenye karatasi. Tangu nilipolielewa hili nauza kifurushi kwa uzuri wake, lakini risiti naitenganisha daima.

Posta nayo inafuata mkumbo huo. Gharama ya kusafirisha kitu kinachotozwa inatozwa, na ya kusafirisha kisichotozwa haitozwi. Mzigo ukiwa wa mchanganyiko unagawanya gharama kulingana na bei au uzito wa vilivyomo. Nauli ya dola 12 kwenye bahasha ya kitenge inaingia kwenye hesabu ya kodi. Nauli hiyohiyo kwenye bahasha ya gauni haiingii.

Mafundi cherehani wana fumbo lao, na nalitaja kwa sababu wengi wanaoniuliza ni akina dada wanaoshona nyumbani. Ukimshonea mteja gauni jipya ukamuuzia, umeuza nguo, haitozwi. Akikuletea gauni lake la zamani ulipunguze kiuno au ubadilishe zipu, umemfanyia huduma ya kurekebisha nguo, na Minnesota huduma hiyo inatozwa, pamoja na kufua na kupiga pasi. Fundi mmoja ninayemfahamu ana daftari mbili, moja ya kushona upya na nyingine ya marekebisho, na ritani yake, yaani taarifa ya mauzo na kodi anayoipeleka idarani, anaimaliza kwa muda wa kunywa chai.

Sasa nije kwenye jambo linalowasumbua zaidi waliotoka kwenye nchi za VAT. Nyumbani VAT inatozwa kila hatua: mwagizaji anamtoza wa jumla, wa jumla anamtoza wa rejareja, na kila aliyesajiliwa anadai alicholipa. Hapa kodi inatozwa mara moja, kwa mtumiaji wa mwisho. Hakuna cha kudai kurudishiwa, kwa sababu ukinunua mzigo wa kuuza hutakiwi kutozwa tangu mwanzo. Unampa aliyekuuzia fomu ST3, cheti cha msamaha, umejaza namba yako ya kodi na sababu, kwamba unanunua ili uuze tena. Naye anaitunza. Nikinunua shanga za jumla kwa muuzaji wa hapa, nampa ST3. Dada mwenye saluni akija kwangu kuchukua hereni za kuuza dukani kwake, namwomba yake. Asipokuwa nayo, namtoza kama mteja mwingine yeyote, hata kama tunasali kanisa moja, maana siku idara ikija kukagua, swali litakuwa kwangu: kwa nini hukutoza, na cheti kiko wapi?

ST3 ina upande wake wa pili ambao hauzungumzwi sana. Ukitoa shanga kwenye mzigo ulioununua bila kodi ukatengeneza mkufu wako mwenyewe wa kuvaa harusini, wewe umekuwa mtumiaji wa mwisho, na unadaiwa kodi ya matumizi juu ya bei uliyonunulia. Vivyo hivyo sanamu la kuonyeshea nguo au rafu uliyoagiza kwa muuzaji wa mbali ambaye hakukutoza. Mtu binafsi amesamehewa manunuzi ya namna hiyo mpaka dola 770 kwa mwaka. Biashara haikupewa msamaha huo. Kwenye ritani kuna mstari wake, unajaza unaendelea.

Matamasha ndiyo yaliyonifungulia biashara, na ndiyo yanayowatisha wasiojisajili. Hapa Minnesota mwandaaji wa tukio lolote lenye meza za wauzaji anatakiwa awe na uthibitisho kwamba kila muuzaji ana namba ya kodi ya mauzo au hahitaji kuwa nayo. Fomu yake ni ST19. Unajaza jina, namba, unachouza na tarehe ya tukio, unasaini. Nimeona akina mama wenye mikono ya dhahabu wakikataa meza kwenye matamasha makubwa ya kiangazi kwa sababu ya karatasi hiyo moja, wakabaki kuuzia kwenye maegesho ya kanisa na kwenye magrupu ya WhatsApp. Inaniuma, kwa sababu kujisajili hakuna ada na kodi yenyewe analipa mteja. Kinachowazuia ni woga wa kuonekana na serikali, woga tuliotoka nao mbali, na ninauelewa. Lakini biashara isiyotaka kuonekana na idara haionekani na wateja wakubwa pia. Hoteli haitakupa oda, jumba la makumbusho halitakupa rafu kwenye duka lake la zawadi, na benki haitakukopesha kwa daftari lisilo na ritani.

Kwenye meza za tamasha kuna shida ya chenji. Hereni za dola 20 kwa kodi ya St. Paul zinakuwa dola 21.98, na foleni ni ndefu na jua ni kali. Ninachofanya kwa vitu vya namna hiyo ni kuweka kodi ndani ya bei na kuandika kwenye bango kwa herufi za kusomeka kwamba bei ina kodi ya mauzo ndani yake. Jioni nagawanya mauzo hayo kwa 1.09875: katika kila dola 20, bidhaa ni 18.20 na kodi ni 1.80. Bango ni la lazima kwangu. Bila bango mtu anaweza kujidanganya kwamba dola 20 zote ni zake, kisha ukifika wakati wa ritani anatafuta 1.80 ambayo ameshaila. Na pesa ikiingia kwa Zelle au Cash App ni mauzo vilevile. Njia ya malipo haibadilishi kitu.

Hii inanileta kwenye neno la yule mama ambalo nimelishika kuliko yote. "Hiyo si pesa yako," aliniambia. "Umewekewa tu." Sisi tuna neno amana, na tunajua uzito wake. Sheria nayo inaiona hivyohivyo: kodi uliyoikusanya unaishikilia kwa niaba ya jimbo. Ndiyo sababu kampuni yenye kinga, ile LLC ambayo wote tunaikimbilia, haikukingi hapa. Mwenye dhamana ya kulipa anaweza kufuatwa yeye mwenyewe, kwa mali yake mwenyewe, kwa kodi ambayo biashara iliikusanya ikaitumia. Mtu anaweza kuanguka biashara akasamehewa madeni mengi. Hili ni gumu kumtoka. Mimi nina akaunti ya akiba ya pembeni kwa kodi tu. Kila Jumapili jioni nahamisha kodi ya wiki hiyo. Haina kadi, haiko kwenye simu, na mume wangu anajua kwamba hata gari likiharibika ile hatuigusi.

Ritani zenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Idara inakupangia mara za kuwasilisha kulingana na kodi unayokusanya: chini ya dola 100 kwa mwezi ni mara moja kwa mwaka, kati ya 100 na 500 ni kila robo mwaka, zaidi ya 500 ni kila mwezi. Ya mwezi na ya robo inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ya mwaka tarehe 5 Februari. Unaingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unajaza mauzo yote kwa jumla, halafu yanayotozwa, halafu kodi za kaunti na miji kila moja kwenye mstari wake. Kama hukuuza kitu, unawasilisha sifuri. Sifuri ni ritani kamili. Kukaa kimya idara haiwezi kukutofautisha na mtu aliyeuza akaficha, nayo inaweza kukukadiria deni. Kumbukumbu zangu, risiti, ST3 za watu na vile vikaratasi vya viwango, natunza kwa miaka mitatu na nusu na zaidi kidogo, kwa sababu huo ndio muda wa kawaida ambao idara inaweza kurudi nyuma kukagua.

Kisha biashara ikaanza kuvuka mipaka. Wateja wa kwanza wa nje ya Minnesota walikuwa ndugu wa wateja: shangazi wa mtu yuko Houston, Texas, dada wa mtu yuko Columbus, Ohio. Kwa miaka mingi muuzaji wa mbali hakuwa na la kuhofia. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1992, kesi ya Quill na North Dakota, ulisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na ofisi, ghala wala mfanyakazi ndani yake akusanye kodi yake. Tarehe 21 Juni 2018 mahakama hiyohiyo iliufuta uamuzi huo katika kesi ya South Dakota na Wayfair, na majimbo yakaanza kuweka viwango vyao vya mauzo, ambavyo muuzaji wa mbali akivifikia lazima atoze. Jimbo la mwisho kuingia lilikuwa Missouri, Januari 2023.

Watu wamezishika dola 100,000 za mauzo kwa mwaka, kiwango cha majimbo mengi, wanasema mimi mdogo sitafika huko. Wanasahau nusu ya pili ya sentensi. Texas na California wanaangalia fedha tu, na kiwango chao ni dola 500,000, kwa hiyo shangazi wa Houston hajaniletea kazi. Lakini yako majimbo, Ohio na New Jersey yakiwemo, yaliyofuata mfano wa mwanzo wa South Dakota: dola 100,000 au miamala 200. Hiyo "au" ndiyo inayomkamata muuzaji wa vitu vidogo. Oda 200 za hereni za dola 15 ni dola 3,000 tu, na zinatosha kukuweka kwenye daftari la Ohio. South Dakota wenyewe waliifuta hesabu ya miamala Julai 2023, na nadhani walitenda haki, kwa sababu inamtwika mtu wa dola 3,000 kazi ileile ya mtu wa laki moja. Mpaka wengine wafuate, ninahesabu oda zangu kwa jimbo, safu moja kwenye jedwali langu, na naitazama kila mwisho wa mwezi.

Mnaouza kupitia soko la mtandaoni kama Etsy au Amazon mna nafuu. Majimbo yote yenye kodi hii sasa yanalitaka soko lenyewe litoze na kupeleka. Unaendelea kutunza hesabu, lakini mauzo hayo kodi yake imeshughulikiwa. Usiitoze mara ya pili.

Nafuu hiyo haikufuati ukibeba mabegi. Viwango vya dola na miamala ni vya mtu aliyekaa nyumbani kwake na kuposti. Ukipanga meza Dallas kwenye mkutano wa Waswahili, hata kwa siku moja ya Jumamosi, umekuwa muuzaji ndani ya Texas, na Texas inataka uwe na kibali chake kabla hujafungua begi. Kibali ni bure. Kiwango chao ni asilimia 6.25 ya jimbo na mpaka 2 za maeneo, jumla haizidi 8.25, na magauni yamo. Kabla ya safari ya namna hiyo nawasiliana na waandaaji, naomba kibali mapema, na nabadilisha orodha nzima kwenye mashine ya kadi, kwa sababu ile alama ya kuzima kodi kwenye magauni ni ya Minnesota peke yake.

Mwaka jana yule mama alirudi Kitale kupumzika. Kabla ya kuondoka aliniuzia rafu zake na akaniachia wateja wake. Wiki yake ya mwisho hapa aliketi na mimi kwenye kompyuta, akawasilisha ritani yake ya mwisho, akalipa kilichobaki, kisha akafunga akaunti yake ya kodi ya mauzo kwenye mfumo wa idara na kuchapisha karatasi ya uthibitisho. Akaunti isiyofungwa inaendelea kudai ritani hata kama mwenyewe yuko Kitale anapalilia mahindi, na alitaka akiondoka asidaiwe na mtu.